Makopa ya Mama na Wapanda Mwamba

Butiama,
Novemba 1992

Ndugu Afisa Utalii,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, miguu ikiwa chini, mahali Mungu alipoiweka. Mimi ni Boniphace Magesa. Nyuma ya nyumba yangu kuna mwamba mkubwa, na kijana Apolinary wa Makoko, kule kando ya ziwa, huwaleta wazungu kuupanda, eti wajizoeze kabla ya kwenda milima ya theluji. Nina malalamiko.

1. Kamba. Ndoo ya kisima chetu tunaivuta kwa matambara yaliyoungwa mafundo tangu enzi za foleni ya sabuni. Hawa wana kamba ya kutosha visima vya kata nzima, nao wanamfunga nayo mtu mwenye afya yake, ambaye hajapoteza hata mbuzi huko juu.

2. Hali ya hewa. Asubuhi jua, mchana radi. Biashara sasa ni huria, lakini mvua bado inaendeshwa kama duka la ushirika: inafunguliwa ikipenda. Naomba wizara iipangie zamu.

3. Mama yangu, Petronila, huanika makopa ya muhogo chini ya mwamba huo. Apolinary amekulia kwenye dagaa, mawingu ya mlimani hayajui, kwa hiyo humtazama mama. Akianza kuanua makopa, wazungu huteremshwa mbio. Kijana anasema redio inadanganyaga, lakini huyu mama hakosagi. Basi mama amekuwa kituo cha hali ya hewa, bila sare wala kiti.

4. Cheo kimemlevya. Juzi aliwateremsha jua likiwaka, kwa sababu tu aliona hawajala.

5. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Ameanza kuuliza kama kamba ile inabeba bibi kizee. Mimi ni mwanawe pekee, na naogopa. Naomba mwamba ufungwe kabla hajajibiwa.

Nisalimie ofisi nzima, mpaka mlinzi, pamoja na jamaa wa mtaa wa Mwigobero wanaonikumbuka.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Boniphace Magesa

Nimesahau: jana walimpandisha mama. Akaliona ziwa, upande wa Makoko alikozaliwa, ambako hajafika tangu mabasi yakose dizeli. Alilia, akakataa kushuka. Mvua ikaja, na chini hapakuwa na wa kuanua, maana mimi nilikuwa nimeshika kamba pamoja na Apolinary. Sijawahi kushika kitu kwa nguvu namna ile. Makopa yote yamelowa. Tafadhali mwamba usifungwe kabla ya Jumamosi. Ni zamu yangu kupanda, na mama ameahidi kubaki chini kutazama mawingu.