Mkaguzi wa Mawe ya Kunolea

Jiwe la kunolea lilipasuka likizunguka katika shamba moja kule Njoro, likang'oa mlango pamoja na meno mawili ya msimamizi. Kufikia saa nne asubuhi, mafundi waliokuwa wakinywa chai katika hoteli za Bondeni, Nakuru, walikuwa wakiongea kwa sauti ya matangani. Kipkemei alikaa meza ya pembeni akisikiliza. Wenzake walisikia msiba. Yeye alisikia soko.

Aliwahi kufagia karakana ya reli, kabla ya kufukuzwa kwa jambo ambalo hakupenda kulizungumzia. Huko alikuwa akimwona msimamizi wa karakana akitundika kila jiwe jipya kwenye kidole na kuligonga kwa mpini wa mti. Jiwe zima huimba. Lenye ufa hunyamaza. Kipkemei akavumbua jambo la tatu peke yake: hata jiwe zima hunyamaza ukilibana kwa kiganja. Kuna watu wamepewa vyeo kwa uvumbuzi mdogo kuliko huo.

Jumatatu alivaa kaptura ya khaki iliyopigwa pasi, akachukua nyundo ya mti, akawa Mkaguzi wa Mawe.

Alianzia kwa Thuo, mwenye gereji nyuma ya soko, mtu aliyeona kila kitu cha bure kuwa chake.

"Mzee, kinga ya hii mashine iko wapi?"

"Nimefunikia kuku."

"Irudishe. Jiwe likipasuka, kuku watapona na wewe utazikwa."

Akamhubiria vizuri. Avae miwani. Asinolee ubavuni mwa jiwe. Jiwe jipya lizungushwe kwanza peke yake, watu wakiwa kando. Yote yalikuwa kweli tupu, na hapo ndipo Kipkemei alipokuwa hatari: uongo wake ulilala juu ya godoro la ukweli.

Kisha akachukua jiwe la kwanza, akalikumbatia kwa kiganja, akagonga. Dup.

"Pole. Limekufa."

La pili likafa. La tatu likawafuata wenzake. Thuo akashika kichwa.

"Usihuzunike, mzee. Serikali inachukua lililokufa na kuleta jipya bure."

Neno hilo la mwisho lilimfufua Thuo. Akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi na jiwe la nne lililojaa vumbi na mavi ya kuku.

"Na hili, afande. Likague vizuri, naliona kama lina homa."

Kipkemei akagonga. Dup. Hakujisumbua kulitundika kidoleni. Daktari aliyekuja na majibu yake hana haja ya kumgusa mgonjwa. Akatia mawe yote guniani na kupanda gari la moshi la Molo.

Molo alikuwako Chepchirchir, mama mwenye mabega mapana na maneno machache, aliyenoa mashoka na makasi ya kukatia manyoya ya kondoo. Mashine yake ilivutwa na injini ya dizeli. Kipkemei, sasa akiwa muuzaji, akamtolea mahubiri yaleyale, akashika jiwe la kwanza na kuligonga. Dup.

Ilikuwa mazoea tu ya kiganja. Akalihamishia kidoleni upesi, akagonga tena. Ngeee, likaimba.

"Mkono ulikuwa na jasho," akasema.

Chepchirchir hakulitazama jiwe. Aliutazama mkono.

La pili likaimba, la tatu likaimba. Kipkemei akatundika la nne, akagonga. Dup. Akabadilisha kidole. Dup. Ndipo alipomwelewa Thuo, na ile homa aliyoisema, na jasho la kweli likamtoka.

"Hilo mbona halisemi?"

"Ni baridi ya Molo, mama. Jiwe la Nakuru halijazoea."

"Basi tulipashe moto. Lifunge."

Angeweza kukataa, lakini muuzaji anayeogopa mali yake hauzi. Akalifunga, akikaza nati polepole kama mtu anayejivalisha sanda. Chepchirchir akawasha injini, akashika wenzo wa kuvutia mshipi unaozungusha jiwe, akasogea kando, nyuma ya ukuta.

"Mimi nakaa kando ulivyonifundisha. Wewe unalijua, simama mbele unieleze linavyokwenda."

Kipkemei akapitisha ulimi juu ya meno yake, moja baada ya jingine. Yote yalikuwapo. Aliyapenda.

"Mama, zima."

"Kwa nini?"

"Hilo jiwe limekufa."

"Nani amelikagua?"

"Mimi."

"Lini?"

"Sasa hivi."

Injini ikanyamaza. Chepchirchir akatoka nyuma ya ukuta, akaokota moja ya yale mawe matatu mazuri, akalibana kwa kiganja chake kipana, akagonga. Dup.

"Hili nalo, pole," akasema. Akaokota jingine. Dup. Na la mwisho. Dup. "Naona yote ni ya ugonjwa mmoja. Yaache hapa, yasije yakaua mtu."

Kipkemei akafungua mdomo. Ili aseme kiganja kinadanganya, ilibidi aseme amejuaje. Akaufunga.

"Asante, mama," akasema.

"Lile la nne chukua. Kwangu halilali."

Akateremka kuelekea stesheni na gunia lenye jiwe moja, mvua ikimnyeshea kaptura. Kwenye nyasi kando ya reli akalitupa, akaenda hatua chache, akasimama. Mtu angeliokota. Mtu angelifunga kwenye mashine, na hakuna ambaye angemwambia asimame kando. Alijitukana kwa Kikalenjin, akarudi, akaliweka juu ya mwamba, akatafuta kipande cha chuma na kuanza kulivunja.

Askari wa reli akaja akamkazia macho.

"Wewe, unafanya nini hapo?"

"Nakagua jiwe, afande."

"Limepita?"

"Hapana," akasema Kipkemei, akaendelea kupiga.