Mama Mkwe Acheke Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, 7 Julai 2025

Samahani, daftari. Tangu Februari sijakugusa. Nilijifungua Najiat, mikono ikaisha: mmoja wa mtoto, mwingine wa mwiko. Sasa amelala. Nina dakika kumi.

Habari kubwa! Kaka Ngassa wa Nzega ameniazima kamera yake. Kamera hasa, si simu. Imefika na konda wa basi, imevingirishwa kwenye soksi. Sharti: wiki moja tu, Jumamosi irudi.

Mama mkwe, Bi Mwanamkuu, yuko kwetu hapa Cheyo, kaja kutibiwa goti. Naye Jumamosi anarudi Ulyankulu. Kwa hiyo nina siku tano za kupata picha moja: mama mkwe anacheka. Moja tu. Mama yangu mzazi alipofariki tulibaki na picha ya kadi ya kura. Kanuna kama kaambiwa foleni inaanza upya. Na alivyokuwa mtu wa kucheka! Wanangu hawatamjua na bibi wa pili kwa kununa. Nimeapa.

Leo nimemkalisha kwenye kiti mbele ya ukuta. Akasema nisubiri. Akaoga. Akabadili kanga. Akajipaka mafuta. Saa nzima! Akakaa, mikono magotini, macho ya mtu aliye mbele ya hakimu. Nikamwomba acheke. Akauliza amcheke nani, na huyo mtu kakosa nini.

Picha kumi na mbili. Kadi za kura kumi na mbili.

Jumanne, 8 Julai

Mbinu mpya: kumvizia. Mtu hanuni asipojua.

Alikuwa uani anamenya karanga na Mrisho, mwanangu wa miaka minne, ambaye yeye humwita "mume wangu". Wakiwa wawili hao, vicheko mpaka barabarani. Nikajibanza nyuma ya kamba ya nguo, lenzi nimeipenyeza kati ya nepi mbili. Nikasubiri. Mguu ukafa ganzi. Ndipo mama mkwe akapandisha kanga ajipake dawa ya goti. Na ndipo Mrisho akatangaza: "Bibi, mama anakuchungulia!"

Mkwe kumchungulia mkwewe! Heri ningeiba. Aliingia ndani, hakutoka mpaka jioni. Awadhi, mume wangu, hajanawa hata grisi ya baiskeli za watu, akaitwa chumbani. Akatoka na sauti ya baraza, akaniuliza kama ni kweli. Nikapiga magoti kuomba radhi. Mama mkwe akasema yamekwisha, ila kuanzia leo dawa atajipakia ndani, komeo limeshuka.

Nikamweleza Mrisho kwa upole kwamba mambo ya mama hayatangazwi. Akaenda kulitangaza na hilo.

Jumatano, 9 Julai

Najiat kacheulia lenzi. Nimefuta kwa kanga. Sasa kila picha ina ukungu. Awadhi anasema si mbaya, ni kama vumbi la Julai.

Koleta, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, kamweka mkwewe kwenye status. Kwa simu tu! Kampa midomo myekundu na masikio ya paka. Mama wa watu ana miaka sabini. Kisha akachungulia juu ya ukuta: "Mama Mrisho, hilo kamera lako linapiga lini, au mpaka liote ndevu?" Nikamjibu kazi nzuri haina haraka. Nikaingia ndani nikalia kidogo. Na usingizi pia ulichangia.

Mchana nikafanya mazoezi kwa jogoo mwekundu wa Koleta, anayepita kila siku kwenye tundu la ukuta. Nikamrushia mtama. Anatulia kuliko binadamu. Picha thelathini! Mama mkwe akapita, akasema kumbe nampenda hivi kuku wangu. Sikuwa na nguvu za kumsahihisha.

Alhamisi, 10 Julai

Nimepata! Nikisonga ugali.

Mabruki. Fundi cherehani wa pale kona, Mzaramo. Watani wetu sisi Wanyamwezi tangu babu zetu wanatembea na mizigo vichwani mpaka Pwani. Mimi siwezi kumtania mama mkwe hata kidogo. Mabruki anaweza kumtukana mchana kweupe, na mwenye kukasirika ndiye mkosaji. Nimemwendea. Akakubali kabla sijamaliza, akasema ana hasira na Wanyamwezi tangu Jumatatu.

Awadhi kanionya: mtani haalikwi, huja mwenyewe, ukishamwalika, funga kabati. Nikamwambia yeye anajua baiskeli, picha aniachie mimi.

Ijumaa, 11 Julai

Alikuja baada ya swala. Mama mkwe kwenye mkeka, mimi na kamera tayari.

Hakupiga hodi. Alijitupa mlangoni, akajinyoosha vumbini na kanzu yake nyeupe, akalia kwamba amekufa, Wanyamwezi wamemuua kwa njaa, azikwe na kapu la michembe, vile viazi vyetu vitamu vikavu. Mama mkwe akasema azikwe upesi kabla hajanuka, na michembe ibaki. Midomo ikaanza kumcheza! Nikainua kamera. Najiat akaangua kilio. Nikaiweka kamera juu ya kinu nimchukue mtoto. Nukta tatu tu.

Maiti akafufuka, akanyakua kamera.

Kilichochukuliwa na mtani hukombolewa, na Mabruki alitaka jogoo. Nikapiga kelele kwamba ni ya kaka yangu. Akasema basi nimsalimie kaka. Akaanza kuzunguka nyumba, kidole hakitoki kwenye kitufe. Mimi nyuma yake, Najiat kiunoni. Nyuma yangu mama mkwe, na goti lake, na mwiko! Mabruki akageuka, akamkumbusha kwamba babu zetu walifika Pwani miguu imevimba, babu zake wakawapa maji, na hata asante hawajaisikia mpaka leo.

Mama mkwe akasimama katikati ya ua. "Maji yenyewe yalikuwa ya chumvi!"

Akacheka. Alicheka mpaka akanishika bega asianguke. Bega langu, mkwe mchunguliaji. Na mimi sina kamera! Nikaenda ndani kumbadilisha Najiat, machozi yananilenga.

Niliporudi kamera ilikuwa kwenye mkeka. Mama mkwe kaikomboa mwenyewe. Mabruki alikuwa anavuka barabara, jogoo mwekundu kwapani. Jogoo "wangu".

Ndani ya kamera, picha arobaini mpya. Kidole. Mbingu. Kandambili yake. Kidole. Na ya thelathini na moja: mama mkwe anacheka, pengo lote nje, mwiko juu, mkono begani kwangu. Mimi mdomo wazi kama kambale. Haina hata ukungu. Fundi cherehani, atakuwa aliifuta lenzi kwa kanzu.

Jumamosi, 12 Julai

Picha nimeisafishia studio mapema, nikamkabidhi mama mkwe pale stendi ya basi. Akaitazama mpaka konda akaanza kupiga bodi ya basi. Akasema, "Kumbe nikicheka ni mama yangu mtupu." Akaiviringa kwenye kanga ya pili. Akaniambia akija tena nimchungulie tu, ila nipige hodi kwanza.

Nimelia njia nzima. Kamera nimesahau kuituma.

Jumapili, 13 Julai

Koleta anatafuta jogoo. Nimemsaidia kumwita mtaa mzima. Mwanga ulikuwa mzuri, nikampiga picha nne. Kanuna zote.

Awadhi anasema nimwambie Koleta ukweli leo, na kamera iende Nzega kesho. Nitamwambia. Ila kwanza nimpate anacheka, nimpelekee picha, moyo ulainike. Nimeanza kuulizia watani wake ni akina nani. Haiwezi kushindikana, hata ile ya Ijumaa niliipanga mwenyewe.

Kamera bado ina kazi. Jioni namwandikia kaka Ngassa vitu ninavyohitaji bado, ampe konda:

Betri ya pili.

Kadi ya kamera. Hii imejaa jogoo.

Stendi ya miguu mitatu, yote mitatu. Ile ya simu aliyoniazima mwaka juzi ilifika na miwili.

Mkanda wa shingoni, mgumu, usiokatika kwa mkasi wa fundi.

Na jogoo mmoja mwekundu, mkia mweusi, kilemba kimelalia kushoto. Asibahatishe: picha zake ninazo thelathini, namtumia.