Leso ya Mananasi ya Bi Dama

Jumanne, 2 Oktoba 1956
Balaa sokoni Msambweni. Mke wangu, Mwanapili, amempita Bi Dama wa Kinondo bila salamu. Bi Dama huyo ndiye anayekuja Jumapili kumposea mwanawe binti yetu Mbeyu! Amesema tuna maringo. Akipuuzwa mara ya pili, posa imekufa.

Si maringo. Mwanapili hatambui nyuso, tangu utotoni. Macho ni mazima. Hutunga uzi sindanoni bila taabu. Watu huwajua kwa sauti, kwa mwendo, kwa mavazi. Mwaka jana niliponyoa ndevu, aliniuliza mlangoni namtafuta nani. Nikajibu kwa ukali. Ndipo akanikaribisha.

Jumatano, 3 Oktoba
Ndugu yangu Boga anashauri tuseme kweli. Mwanapili mwenyewe yuko tayari. Nimekataa. Mambo ya nyumbani hayapelekwi barazani. Mbeyu anampenda kijana huyo, na kwa hofu ya posa kuvunjika hagusi chakula.

Alasiri nilijifunga leso, nikatembea uani kama Bi Dama, ili Mwanapili aushike mwendo wake. Akasema hajapata kumwona mwanamke yeyote akitembea hivyo. Boga akaingia. Akauliza, kwa heshima zote, shangazi huyu ametoka wapi.

Alhamisi, 4 Oktoba
Nimepata njia! Nimenunua leso ya manjano yenye mananasi, ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Nimempelekea Bi Dama kwa mkono wangu, nikamsihi aje nayo Jumapili. Akafurahi mno. Akauliza imetoka duka gani. Nikamweleza kwa ukamilifu, hata njia ya kulifikia.

Mwanapili ameagizwa: mwenye mananasi ndiye.

Jumapili, 7 Oktoba
Wanawake kumi na mmoja. Mananasi matupu! Wenye kuposa huja na sare. Nimekwishaozesha mabinti wawili, na jambo hili likanitoka kichwani.

Mwanapili alimkumbatia wa kwanza, akamwita Bi Dama. Alikuwa Kadzo, jirani yetu, mzaliwa wa Kinondo, aliyefuatana na wageni. Bi Dama akageuka kutoka. Mbeyu akajifunika ushungi. Nikakohoa. Haikusaidia.

Mwanapili akasema mbele ya wote: "Bi Dama, nisamehe. Mimi nyuso sizishiki, hata ya mume wangu. Siku aliyonyoa ndevu nilitaka kumfukuza. Nikikupita, usinune. Niite."

Bi Dama akanitazama ndevu kwa muda mrefu. Akaniuliza kama ni kweli. Nikakiri. Akacheka mpaka akakaa chini mwenyewe, bila kukaribishwa.

"Nitakuita mpaka unichoke, mwenzangu," akamwambia.

Posa imepita. Mbeyu amekula sahani mbili.

Jumatatu, 8 Oktoba
Boga anazunguka akisema kwamba ukweli ndio uliotuokoa. Boga hajui kupima mambo. Ni leso iliyomlainisha yule mama. Kasoro ilikuwa moja tu: duka lilibaki na nyingine.

Harusi ni mwezi ujao. Safari hii nimenunua leso nyekundu zote zilizokuwa dukani, kumi na mbili, asipate mtu mwingine. Moja ni ya Bi Dama. Kumi na moja nimempa Kadzo anitunzie. Amezipokea kwa furaha isiyo kifani.

Baba wa biharusi sharti awe nadhifu. Asubuhi ya harusi nitanyoa ndevu.