Gari Letu na Jicho la Mdogo Wangu

Jumatatu, 4 Machi

Ndiyo unakuja leo? Huoni haya, mjukuu wangu? Uliniachia daftari hili, ukasema niandike ya kila siku ili ukija usome, kisha ukapotea kama umemezwa na ardhi. Haya, soma. Na usinicheke.

Gari la marehemu babu yako limegoma tena. Betri! Nimezungusha ufunguo, likakohoa, likanyamaza. Mara huyo, yule mgane wa nyumba ya kona, nyaya za kushtulia gari zimemning'inia shingoni kama daktari. Mtaa mzima unamwita Bwana Nyaya. Akaunganisha betri yake na yangu, gari likawaka, akasema karibu tena, shemeji.

Shemeji! Shemeji wa nani? Mdogo wangu yuko hospitali, ametolewa mtoto wa jicho, bandeji haijafunguliwa. Posa ya huyo bwana hata hajaijibu.

Bandeji inafunguliwa Jumamosi. Nimemwahidi nitamfuata mwenyewe, kwa gari letu. Jicho lile miaka yote halioni ila ukungu, na lile jingine lilikwisha kufa. Wa kwanza kuonekana niwe mimi niliyembeba mgongoni, siyo Bwana Nyaya na meno yake ya kununua! Naye ameshatangaza kwamba gari langu likigoma, atakwenda yeye.

Ataota.

Jumanne, 5 Machi

Fundi gari kaniambia dawa ni betri mpya. Sitaki kusikia. Betri ile aliifunga babu yako kwa mikono yake. Basi akasema kuna kifaa cha kubeba mkononi. Unakichaji nyumbani, unakibana kwenye betri, gari linashtuka. Hakuna jirani. Hakuna shemeji.

Nikaenda dukani. Muuzaji ni msichana mwenye kucha ndefu kama vijiko. Akauliza petroli au dizeli. Petroli. Injini yenye ukubwa gani? Nikamwambia ya kubeba watu watano na mbuzi. Akanipa kidude kama kipochi cha miwani, eti nguvu yake inatosha, na kina kinga nikichanganya chanya na hasi. Nikamuuliza kama mimi ameniona ni mtu wa vidude. Mimi kila kitu nanunua kwa kukipima mkononi: boga, pasi, sufuria. Hata baba yako nilimwinua kidogo kabla hajamuoa mama yako.

Nikachukua kizito kuliko vyote vya mkononi. Kina tochi! Kina redio! Kina matundu ya kuchajia simu! Msichana akanionya nikichaji kijae, kisha nisikiguse hadi siku ya gari. Nikamjibu nimelea watoto sita, sitashindwa kulea sanduku.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekijaribu. Gari limewaka kwa mguso mmoja! Nikapiga honi mpaka Bwana Nyaya akatoka na fulana ya ndani. Akasema hongera, shemeji. Sauti imemkauka. Raha iliyoje!

Saa sita umeme ukakatika mtaa mzima. Mama mshonaji akaja mbio, simu imezima na bintiye yuko leba. Ningemnyima? Mimi? Nikamchomeka. Akafuata muuza mkaa. Akafuata mke wa fundi. Baraza ikajaa, nikawapikia chai, nikawafungulia na redio. Wote wakakisifu kifaa. Hata Bwana Nyaya akaja na kisimu chake, hana aibu! Nikamchomeka wa mwisho, ajue nafasi yake.

Jioni binti wa mshonaji kajifungua salama. Tumepiga vigelegele mpaka mbwa wakakimbia.

Ijumaa, 8 Machi

Umeme bado. Simu zimerudi zote kuchomekwa. Mshonaji akaniuliza kwa upole kama kifaa kitatosha kwa kesho. Nikamwambia aangalie mambo yake. Taa za chaji za kifaa zilikuwa nne, sasa imebaki moja. Moja si ndiyo ipo?

Jumamosi, 9 Machi

Laana! Nimekibana kwenye betri, nimebonyeza. Tik. Nimebonyeza tena. Tik. Kikawaka taa nyekundu, kikafa. Nikapiga teke tairi. Sasa na kidole cha mguu kimevimba.

Nikamwambia Bwana Nyaya alete nyaya zake haraka. Akasema nyaya za nini, shemeji, muda umekwisha, twende na langu. Kumbe gari kaliosha tangu alfajiri! Kavaa suti! Akanifungulia mlango wa nyuma. Mimi, nyuma, kama gunia.

Wodini nikampiga kumbo nikasimama mbele. Muuguzi akafungua bandeji. Mdogo wangu akanitazama, akanitazama, kisha akauliza huyu bibi kizee ni nani na mbona amevaa gauni la dada yake. Wodi nzima ikacheka. Halafu akamgeukia yule mtu. Akasema kumbe hana sura mbaya kama dada alivyokuwa akimsimulia.

Amerudi nyumbani amekaa kiti cha mbele. Mimi nyuma tena. Nimekohoa makusudi njia nzima, na wote wawili hawakugeuka.

Jumapili, 10 Machi

Posa ameikubali. Nimelia. Kwa hasira, usiandike lingine kichwani mwako. Mdogo wangu akanishika mashavu, akanipitia uso kunyanzi kwa kunyanzi, akasema kila moja amelipenda. Mjinga yule. Nitamkosa hata akihamia kona tu.

Harusi ni mwezi ujao, na bibi harusi ataendeshwa na mimi, kiti cha mbele, kwa gari letu! Fundi kaja tena na hadithi yake ya betri mpya. Nimemfukuza. Kesho nakwenda kwa yule msichana wa kucha kubadilisha kifaa. Hiki kilikuwa kidogo mno, hilo ndilo kosa. Nimeona kingine pale, cha malori, kina magurudumu, na matundu ya simu yamejipanga ubavu mzima. Nimeshawatangazia majirani.

Nawe ukija tena, na uje upesi, usihangaike kuchaji simu. Iache izime kabisa. Njoo nayo, nitakuchomeka wa kwanza.