Suhaib Asiyefutika

Jumatatu, 14 Desemba 1998
Hili sijamwambia mtu, hata Tekla ninayekaa naye dawati moja. Wiki iliyopita nilibaki peke yangu kwenye ofisi ya shangazi Badriya hapa Temeke: kuchapa, fotokopi na sasa barua pepe. Nikafungua ile programu ya kompyuta inayopiga simu kuingia kwenye mtandao. Inataka kila njia ya kupigia iwe na jina. Nikaandika SUHAIB WA NAJAT. Mchezo tu. Najat ni mie. Suhaib anakaa nyumba ya tatu na hajawahi kunisikia nikimaliza sentensi.

Leo shangazi kasema Suhaib atakuja Jumamosi kumwandikia kaka yake aliyeko Maskati. Atakaa kiti hikihiki! Nikabonyeza kufuta. Ikajibu kwa Kiingereza kwamba haifutiki, inatumika. Kubadili jina, jibu hilohilo. Inatumika na nani? Niko peke yangu!

Jumanne, 15 Desemba
Nimechomoa waya wa simu. Nikafuta. Inatumika. Kisha nikasahau kuurudisha. Shangazi kawalaumu watu wa simu asubuhi nzima, nami nikaitikia kwamba kweli, wamezidi. Mungu anisamehe.

Jumatano, 16 Desemba
Nimezima kompyuta, nikahesabu hadi mia, nikawasha. Inatumika. Nikaunda njia nyingine, TEMEKE, namba ileile, nikaifuta kwa majaribio. Ikaenda mara moja! Anayegoma ni Suhaib tu, kama ng'ombe aliyeshaiona machinjio ya Vingunguti.

Alhamisi, 17 Desemba
Mpango wa uhakika. Shangazi huivisha kompyuta kitambaa cha kufuma, kama redio. Nimekiongezea pindo refu upande wa kushoto, lifunike pale jina linapotokea. Shangazi kawaonyesha wateja wote, akisema sasa naweza kuposwa. Nilijificha nyuma ya mashine ya fotokopi.

Jumamosi, 19 Desemba
Watu wanavunja jungu, Ramadhani iko mlangoni. Shangazi yuko uani na pilau lake. Suhaib kaja, kampa shikamoo, kakaa. Kasema haoni vizuri. Kanyanyua pindo!

Kasoma jina, kauliza ni Suhaib gani huyo. Nikasema ni fundi aliyeunga simu.

"Fundi wa simu anaitwa Projestus, wewe!" Shangazi, kutoka uani.

Ardhi ilikataa kupasuka. Nikakiri kwamba nimehangaika wiki nzima kuifuta. Hakucheka. Akafungua sehemu ya barua za shangazi, akanionyesha: zote zimepangwa zipite njia ileile.

"Haifutiki kwa sababu kuna kitu kimeiegemea," akasema. "Zihamishe barua kwanza."

Tukaunda TEMEKE upya, barua zikahamia, jina likafutika. Dakika mbili! Nikamshukuru kwa sentensi nzima, hadi nukta. Atarudi Jumatatu kuangalia jibu la kaka yake. Mlangoni akageuka.

"Lile jina halikuwa baya lakini."

Jumapili, 20 Desemba
Shangazi kaenda Mabibo kununua magimbi ya futari. Mie niko ofisini. Nimeunda njia mpya: NAJAT NA SUHAIB. Halafu nimeiegemezea barua zote za shangazi, ili isifutike kwa bahati mbaya. Kesho nikiona haya, nitamwomba Suhaib anisaidie kuifuta.

Nyayo barazani. Si kandambili za shangazi, ni viatu. Leo si Jumatatu! Daftari naliingiza chini ya pindo la kitambaa, pale hakuna atakayenyanyua