Picha ya Sikio la Mheshimiwa

Jumatatu, 3 Machi

Daktari wa mifugo kapiga simu. Eti mwaka umetimia tangu amfanyie Mheshimiwa, mbwa wetu, upasuaji wa sikio la kati. Kesho apelekwe akapigwe picha, waone kama ugonjwa umerudi kule ndani ya mfupa. Na asile kitu tangu usiku, maana atapewa dawa ya usingizi.

Umerudi! Neno gani hilo la kumwambia mtu anayekunywa chai? Mbwa mwenyewe mzima, kainamisha kichwa upande kama kawaida yake tangu apasuliwe, kama mtu asiyeamini unachomwambia. Nimepata wazo. Akila, hapigwi picha. Asipopigwa picha, hana ugonjwa. Akili ninazo!

Jumanne, 4 Machi

Yai la kuchemsha, alfajiri, nyuma ya banda. Kliniki nikaapa hajagusa kitu. Mheshimiwa akamtazama daktari, kiini cha yai kimemganda kwenye sharubu. Picha imeahirishwa hadi Alhamisi. Nikamsingizia shemeji, kaka wa mke wangu, anayekaa kwetu na kujua kila kitu. Shemeji kanuna. Safi.

Alhamisi, 6 Machi

Mambo yameharibika. Mke wangu alilala na ufunguo wa jikoni, mbwa akalazwa chumbani kwa shemeji. Alfajiri nikasimama nje ya dirisha lake na kipande cha ini nilichonunua jana buchani, namnong'oneza Mheshimiwa. Wapi! Kalalia sikio zima, na lile lililopasuliwa halisikii kitu. Aliyesikia ni shemeji. Akauliza ini hilo la nani. Nikasema langu. Akasema basi nile. Nikala, bichi.

Mke wangu akauliza kulikoni. Nikamwambia ukweli: naogopa. Mwaka jana alivyolia kwa maumivu, mimi ndiye niliyelala naye sakafuni. Sitaki kuyaona tena yale. Hakunicheka. Alinishika mkono mpaka kliniki.

Picha safi! Hakuna usaha, hakuna uvimbe, pale alipokwangua daktari mfupa umejijenga upya. Nililia mbele za watu. Shemeji akanipa leso, naye macho mekundu.

Ijumaa, 7 Machi

Tumbo linanikata. Ini lile! Daktari kasema mwakani picha tena, na mbwa asile. Nimemwahidi mke wangu sirudii upuuzi.

Kisha nikaenda kulikagua lile dirisha. Kosa langu nimeliona: nilitegemea masikio, na pua haijapasuliwa. Mwakani sinong'onezi, natupa tu. Na ini litakuwa limeiva vizuri, isije ikabidi nile mwenyewe.