Siri ya Mkahawa wa Pazia Jekundu

Jumatano, 17 Januari

Baridi nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri. Kope zimegandana nikivuka uwanja wa chuo. Lakini moyo unachemka! Shawna Kakegamic, mhariri wa gazeti letu la wanafunzi, ametangaza kwamba safu ya chakula iko wazi. Tunaoitaka ni wawili: mimi, Arvo Niskanen, na Giordano Belluz. Kila mmoja alete makala Jumamosi, kuhusu mkahawa ambao gazeti halijawahi kuuandika.

Belluz! Mtu anayeandika juu ya supu kama anaiposa. Nimemuuliza ataenda wapi. Akasema bado hajafikiria. Mwongo. Mtu ambaye hajafikiria hatabasamu vile.

Alhamisi, 18 Januari

Nimepata! Nyuma ya kituo cha zamani cha treni kuna mkahawa wenye pazia jekundu dirishani. Hakuna orodha ya vyakula nje. Hakuna harufu. Sijawahi kumsikia mtu akiutaja. Nimesimama ng'ambo ya barabara saa nzima, miguu imekufa ganzi, nione nani anaingia na nani anatoka.

Wametoka wazee watatu, wanafuta midomo, nyuso zinang'aa kama wametoka harusini. Mmoja ana machozi! Ni Mfini kama mimi, nimemjua kwa lafudhi. Chakula gani kinamliza mzee wa Kifini? Sisi hatulii hata msibani. Nikamkimbilia, nikamuuliza wamekula nini.

“Nyama, mwanangu,” akasema, amenishika bega. “Nyama ya ng'ombe!”

Nikauliza imepikwaje. Akasema akiniambia sitaamini, niende mwenyewe.

Imepikwaje? Imefukiwa ardhini siku tatu? Imelowekwa kwenye nini? Mchana kutwa sijasoma hata ukurasa. Mtihani wa takwimu ni Jumatatu. Utajijua.

Ijumaa, 19 Januari

Ijumaa sina darasa. Siku ya kazi!

Mpango: nisiende kwa sura yangu. Mwanafunzi akiingia atapewa mabaki. Mtu mzima mwenye heshima zake atapewa kile walichopewa wale wazee. Kwa hiyo asubuhi nikaenda duka la mitumba kutafuta heshima.

Nimetumia humo saa mbili nzima. Vitu vya ajabu! Kiatu cha kutelezea barafuni, kimoja tu. Mwenzake yuko wapi? Aliyekinunua alitelezaje? Albamu nzima ya harusi ya watu nisiowajua; nimeitazama mpaka mwisho, bwana harusi ananuna kila picha. Mwishowe nikapata koti refu jeusi lenye kola ya manyoya, kofia, na miwani. Muuzaji akanieleza kwa upole kwamba koti lile ni la kike. Nikamwambia ni mtindo wa Ulaya.

“Haya, baba,” akasema. “La kike la Ulaya.”

Saa saba mchana, mkahawani. Nimejitambulisha kwa sauti nzito: Profesa Lindqvist. Mhudumu, mama mmoja mwenye huruma, akanitazama mdomoni. Akauliza kama ni mapya au bado napimwa.

Sikuelewa. Lakini profesa hakubali kwamba hajaelewa. Nikasema mapya.

“Pole, baba. Wiki ya kwanza yanauma.” Akauondoa mkate mezani. Mkate wenye ganda! Nilikuwa nimeshaunyooshea mkono!

Vikaja vibakuli vitatu: cha kahawia, cha kijani, cheupe. Nikauliza nyama iko wapi. Akanionyesha cha kahawia. Ng'ombe amesagwa mpaka akawa uji! Samaki, uji. Njegere, uji. Hata chapati za maji zimeletwa na kijiko. Nimetafuta kitu cha kutafuna, nikautafuna ulimi wangu.

Ndipo nikaona mlango wa pembeni na kibao chake: fundi wa meno ya bandia. Mkahawa huu ni wa wateja wake! Wale wazee watatu hawakuwa na meno!

Nikiwa bado nashangaa, mlango wa mbele ukafunguka. Belluz! Amemshika mkono bibi yake, kikongwe mdogo kama mtoto wa shule. Akanitazama kuanzia kofia hadi pindo.

“Arvo, koti limekukaa.”

Mhudumu akamwomba asinisemeshe sana, Profesa ana meno mapya.

Bibi akala kile cha kahawia polepole, macho ameyafumba. Akasema kitu kwa Kitaliano, akaanza kulia. Belluz akampangusa mashavu kwa leso. Nikajiuliza anasema nini. Lakini sikuandika, maana hayakuhusu chakula.

Jumamosi, 20 Januari

Nimekabidhi makala. Kichwa: “Uji, Uji na Uji.” Maneno mia tisa, mengi kuhusu ule mkate.

Belluz kaleta nusu ukurasa. Ameandika kwamba meno yalimtoka bibi yake miaka minne iliyopita, na tangu hapo hakuwa ameonja nyama. Jana bibi alisema: “Ladha ni ile ile, kama Jumapili za mama yangu.”

Shawna alisoma yangu, akacheka mara mbili. Alisoma ya Belluz, akageukia dirishani. Safu kapewa Belluz. Nikamuuliza nimekosea wapi.

“Habari ilikuwa meza ya jirani, Arvo. Wewe ukaandika kuhusu mkate.”

Jumapili, 21 Januari

Nimeyatafakari maneno ya Shawna asubuhi nzima, na hatimaye nimeelewa. Belluz ana bibi. Mimi sina. Mashindano hayakuwa ya haki hata kidogo!

Nimebandika tangazo kwenye ubao wa maktaba: “Anatafutwa bibi wa kuazima, Ijumaa moja tu. Awe anapenda kula na analia kwa urahisi.”

Mpaka sasa wamejitokeza wawili. Mmoja ni mwanamume, lakini anasema kulia anaweza.